Kanisa Linalosindikizwa

Jumapili, 1 Oktoba

…na jambo jingine nililosahau kuandika jana kuhusu Laurence ni jinsi anavyofunga kamba za viatu. Anapiga goti moja, taratibu, kana kwamba anataka kuniposa upya! Wiki tatu na siku moja za ndoa. Bado nikiamka namtazama kwanza nihakikishe hajayeyuka. Mume wangu. Mume wangu! Nimeliandika mara mbili kwa sababu hakuna wa kunikataza.

Basi leo kanisani. Ndani ya Mtakatifu Guthlac, kanisa letu, baridi ilikuwa ya kung'oa meno. Mashine ya kupasha joto ilikufa miaka miwili iliyopita na hakuna aliyeifufua. Nilivaa koti lake juu ya langu. Leo ndiyo mwanzo wa hesabu ya Oktoba: kila mwaka dayosisi inataka kila kanisa lihesabu watu wake mwezi huu, na idadi zipelekwe ofisini mjini. Kwa hiyo kijiji kizima cha Haxenby humkumbuka Mungu mwezi wa Oktoba. Bi Enid Sowerby, mpiga kinanda wetu, alimleta hata dada yake kutoka kijiji cha pili, ambaye ni Mmethodisti kabisa.

"Mungu ni mmoja," akasema Bi Enid, "na kichwa ni kichwa."

Baba akacheka. Baba ni mzee wa kanisa hapa mwaka wa thelathini na moja sasa. Anafungua mlango, anafunga mlango, anazibua mifereji, anajaza kitabu cha mahudhurio ya ibada kwa mwandiko wake ule wa kulala upande. Tangu Mama afe, nadhani kanisa ndilo linalomwamsha asubuhi. Mama mwenyewe amelala pale nje, hatua kumi kutoka mlangoni.

Lakini hiki ndicho nilichotaka kuandika. Wakati wa mahubiri nilimwona Laurence anachezesha midomo. Macho yake yanatoka benchi hili yanakwenda benchi lile.

Nikamnong'oneza, unahesabu?

Nasali, akasema.

Kwa macho wazi? Nikambana ubavuni, tukacheka kama watoto. Kisha nikaacha kucheka. Mwenye kazi ya kuhesabu ni Baba. Mume wangu anahesabu ya nini?

Jumanne, 3 Oktoba

Nilikuwa nakaanga soseji. Simu yake ikalia, akatazama jina, akatoka nayo bustanini. Mvua inanyesha! Nikamwona dirishani chini ya mtufaha, shati limemganda mwilini (mzuri hata akilowa, jamani), anatikisa kichwa — hapana, hapana. Halafu akakubali kitu.

Alipoingia nikamuuliza ni kazi gani hiyo inayomtaka mtu alowe. Ni Kanoni Orme, akasema. Mkuu wake. Yule mama mwenye sauti ya siagi aliyekuja harusini na kofia ya zambarau.

"Alitaka nini?"

"Mtu akiniambia jambo lake, Wena, haliwi langu. Siwezi kukupa kitu kisicho changu."

Alisema kwa upole. Nikampenda zaidi, nikamwamini pungufu. Sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kwenda pamoja.

Kazi yake ni kuwasaidia makasisi na sharika. Anazunguka na kigari chake cha bluu, anakunywa chai na wachungaji waliochoka, anawasikiliza wakilia. Mchungaji wetu Philippa ana makanisa saba, maskini, Jumapili anafika na vifungo vimekosana. Laurence ndiye anayempigia simu kila Jumatatu kumuuliza kama amekula. Hilo ndilo lililonifanya nimpende! Ila huko ofisini hawasemi "tunasaidia." Wanasema "tunasindikiza." Siku ya kwanza alipoingia dukani kwetu kununua chakula cha ndege aliniambia, "Kazi yangu ni kusindikiza makasisi," nami nikadhani ni mlinzi, nikamuuliza bunduki iko wapi.

Baba halipendi neno hilo. Anasema mtu anayekaa hasindikizwi. Anayesindikizwa ni anayeondoka. Kanisa la Sallowby lilisindikizwa miaka miwili, kwa chai na maneno mazuri, na sasa ni nyumba ya mtu kutoka London. Palipokuwa na madhabahu pana bafu. Bi Enid ameliona kwa macho yake. Bafu lenyewe lina miguu ya simba.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimeona. Sikupekua! Naandika hivyo ili angalau mimi mwenyewe nijiamini.

Nilikuwa nafuta meza. Chini ya chombo cha siagi palikuwa na karatasi. Juu yake: *Mt. Guthlac, Haxenby. Pendekezo: kusindikizwa.* Chini, idadi za Oktoba za makanisa yote saba, mwaka kwa mwaka. Makanisa sita yanashuka kama ngazi. La saba, letu: 33, 31, halafu 55, halafu 59. Linapanda! Na pembeni mwandiko wa Laurence, kalamu nyekundu: *W. Dowse?*

Wilfred Dowse ni baba yangu.

Laurence akaingia, akaona ninapotazama. Akanibusu kwenye paji la uso, na mkono wake ukaweka gazeti juu ya karatasi. Busu juu, gazeti chini. Tukazungumza habari za soseji.

Kwa hiyo ndivyo. Wanamdhani Baba anatunga idadi ili kanisa lisifungwe. Na aliyemwekea alama ya kuuliza ni yuleyule aliyemkumbatia siku ya harusi akamwita Baba mbele ya watu wote, hata Baba akatafuta leso.

Sasa nani ananidanganya? Idadi ikiwa ya kweli, mume wangu anamsingizia baba yangu. Ikiwa ya uongo, baba yangu anamdanganya Askofu. Sina la tatu.

Jumapili, 8 Oktoba

Sikukuu ya mavuno. Maboga, tufaha, mkate uliofumwa kama mganda wa ngano, maharage ya kopo kwa ajili ya wahitaji. Leo nilihesabu mwenyewe. Nimejifanya naangalia maua. Watu thelathini na nne, pamoja na kichanga cha akina Blades kilicholala na bila mbwa wao aliyekaa wima kuliko wengi.

Baada ya ibada nilichungulia kitabu. Mwandiko wa Baba: 61.

Sitini na moja! Na wala hakuona haya. Alikuwa anang'aa. "Umeona, Wena? Mama yako angefurahi." Nilitamani kulia.

Tulikula kwake. Nyama ya kuoka, viazi, kabichi iliyochemshwa hadi ikatubu dhambi zake. Baba anamtania mkwewe tangu zamani, na Laurence hupenda. Leo walianza vizuri.

"Kula, mkwe. Viazi si siri ya ofisi."

"Nakula, Baba."

"Unakula kama unasindikiza chakula. Kimeze, kimefika!"

Tukacheka wote. Kisha Laurence, huku anajimiminia mchuzi, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: "Baba, hivi wewe hesabu ya Oktoba unaifanyaje?"

"Kwa uaminifu," akasema Baba.

Laurence akaweka uma chini. Baba akamtazama. Mimi nikainuka kuleta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Garini alinishika mkono njia nzima. Mkono wa moto, mzuri. Nikaacha ushikwe.

Jumatano, 11 Oktoba

Tumegombana kwa ajili ya taulo lililolowa. Halikuwa taulo.

Tumepatana. Ameniletea waridi moja kutoka kituo cha mafuta, limefungwa plastiki. Nimeliweka katika glasi nzuri kuliko zote. Ndiyo, ni mjinga huyu mtu, na ni wangu.

Lakini nimegundua kwamba simu yake sasa analala nayo kifudifudi. Simu, si yeye.

Jumapili, 15 Oktoba

Ee Mungu wangu. Vitakia!

Niandike kwa utaratibu. Baada ya ibada nilimwambia Laurence atangulie nyumbani, mimi nabaki kumsaidia Baba na maua. Nilikuwa nimeamua kumuuliza uso kwa uso: Baba, unatunga? Watu wakatoka. Nikajibanza nyuma ya chombo cha ubatizo kama mwizi. Nikamwona Baba anapita benchi kwa benchi na penseli sikioni. Kila palipo na kitakia cha kupigia magoti kilichoshushwa anakigusa kwa kidole, midomo inacheza, kisha anakitundika kwenye msumari wake. Anagusa, anatundika. Vile vitakia alivyodarizi Mama na wenzake, vya ndege na masuke ya ngano.

Nikatokea. Akashtuka.

"Baba, unafanya nini?"

"Nahesabu watu."

"Watu wamekwenda kula, Baba!"

Akanitazama kama ninayestahili kurudishwa shule. "Watu hawahesabiwi, mwanangu. Daudi aliwahesabu watu, tauni ikafyeka elfu sabini. Mzee Cuthbert alinikabidhi ufunguo na neno hilo. Hesabu vitakia, Wilf, usihesabu vichwa. Kila mwenye magoti, kitakia kimoja. Miaka thelathini na moja, na tauni haijaingia Haxenby."

Nikatazama benchi la Bi Enid. Vitakia viwili. La akina Blades, watu wanne, vitakia vinane. Benchi letu mimi na Laurence, vinne. Kwa sababu tangu mashine ya joto ife, benchi ni barafu, na kila mwanadamu mwenye akili katika kanisa hili anapigia magoti kimoja na anakalia kimoja!

Nikakaa chini sakafuni. Nilicheka mpaka machozi. Baba akauliza kama naumwa. Nikasema ni furaha ya ndoa, Baba. Akasema ndoa yake mwenyewe haikuwahi kumkalisha sakafuni.

Si mwongo. Baba yangu si mwongo! Halafu, nikiwa bado chini, kicheko kikakatika. Maana nikimwambia, yeye nisiyemdhania sasa hata chembe ya hila, ataandika idadi ya kweli leo leo, kwa mwandiko ule wa kulala upande. Na idadi ya kweli ni thelathini na kitu. Kanisa la watu thelathini na kitu linasindikizwa.

Nisipomwambia, linabaki. Lakini jina lake linabaki na alama nyekundu ya kuuliza.

Aliandika 58. Nikamwangalia akiandika. Sikusema.

Alhamisi, 19 Oktoba

Siku nne nimekaa na jambo hili kama mtu aliyemeza kijiko. Dukani nimemwuzia mteja chakula cha kuku badala ya cha sungura.

Laurence ananiuliza nina nini. Anauliza kama mume? Au anauliza kama afisa? Hilo ndilo baya kuliko yote. Uso ni mmoja. Naupenda mno, kwa hiyo nauangalia mno.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimemwambia.

Alinipikia mayai. Alikata mkate wa kuchoma umbo la moyo, kwa mkasi wa jikoni, moyo umepinda kama figo. Nani anaweza kumficha kitu mtu wa namna hiyo? Nikasema kwanza aniahidi. Nikamrudishia maneno yake mwenyewe: nikikuambia jambo langu, haliwi lako.

"Haliwi langu," akasema, mkono kifuani.

Nikamweleza. Daudi, tauni, Mzee Cuthbert, magoti, makalio. Alicheka! Aliinamisha kichwa mezani akapiga ngumi. "Viwili viwili!" Alicheka hadi mayai yakapoa, mimi nikacheka kwa kumwona anacheka, na nikajiambia, Wena, ulimwogopa nani? Huyu hapa. Akasema Baba ni mtu mwaminifu kuliko wote aliowahi kukutana nao katika dayosisi nzima. Nikalia kidogo, kwa raha.

Kisha akawa anaviringisha kipande cha mkate. Akasema ngoja akaoshe gari.

Alikaa nje saa nzima. Nimetoka sasa hivi kutupa taka. Gari lina matope mpaka kwenye vioo.

Jumapili, 22 Oktoba

Ibada. Kanoni Orme hakuwepo, nilikuwa namtarajia kila mlango ulipolia. Baada ya baraka Laurence aliinuka, akachukua kile kitakia chake cha kukalia akakitundika mwenyewe kabla Baba hajafika. Kimoja tu. Cha kwangu hakukigusa.

Kwa nini? Anamsaidia Baba kukaribia ukweli? Au dhamiri yake inafanya mambo yake yenyewe bila ruhusa ya ofisi?

Aliona nimemwona. Akatabasamu. Tabasamu zuri. Nimelichunguza mchana kutwa kama noti ninayoishuku.

Jumatano, 25 Oktoba

Baba alipiga simu dukani saa sita na nusu mchana. Hajawahi kupiga dukani, hata siku Mama alipozidiwa.

Amepata barua kutoka kwa Kanoni Orme. Alinisomea yote, polepole, kama anasoma somo la kwanza. Wanamshukuru kwa miaka thelathini na moja. *Tumefahamishwa kuhusu matumizi ya vitakia katika baridi, na tunaelewa kwamba hapakuwa na nia mbaya.* Wanaomba idadi za miaka miwili zisahihishwe. *Tungependa sasa kuwasindikiza.*

"Nilikwenda kanisani, Wena," akasema. "Nikakaa. Baridi ikanipanda. Mkono ukanyooka wenyewe ukachukua cha pili. Mimi mwenyewe! Miaka miwili nimekalia uongo nikampelekea Askofu."

Nikasema si uongo, Baba, ni baridi. Hakunisikia.

"Nimeuweka ufunguo mezani," akasema. "Siuchukui mpaka nijue. Mimi sikujua habari hii. Nani alijua?"

Mteja akaingia. Nikasema nitakupigia. Sikumpigia.

Alhamisi, 26 Oktoba

Nilianza kwa Bi Enid, kwa sababu nilitaka awe ni yeye. Nilisali njiani awe ni yeye.

"Bibi harusi! Mbona umekauka hivyo, hulishwi?" Akaniweka kitini, akanipa chai na mkate wa zabibu uliopakwa siagi. Nikamuuliza kama aliwahi kumwambia mtu habari za vitakia viwili. Akafikiri. Kila mtu anajua anakalia viwili, akasema, makalio yake hayana siri. Labda alimwambia dada yake. Na dada yake hafungi mdomo hata kwa daktari wa meno.

"Lakini kwamba Baba anahesabu vitakia? Hilo ulilijua?"

"Anahesabu vitakia?" Kikombe kikabaki hewani. "Wilf? Ha! Na sisi tulidhani anatuongezea kwa huruma!"

Hakujua. Au amejifanya. Amepiga kinanda miaka arobaini huku anatazama kioo kidogo kilicho juu yake, anaona kila benchi na kila mkono. Sijui. Nataka sana nisijue.

Nimerudi nyumbani. Laurence alikuwa jikoni anamenya karoti, akiimba nilipoingia. Nikamwambia habari ya barua. Hakushangaa vya kutosha.

"Ulimwambia."

"Sikumwambia habari za vitakia."

"Ulimwambia nini basi?"

"Nilimwandikia Kanoni kwamba Wilfred Dowse ni mtu mwaminifu, na kwamba naweka jina langu chini ya neno hilo. Basi. Walikuwa wanataka kumwondoa, Wena, kwa aibu, mbele ya watu. Nilikuwa namwokoa."

"Lini?"

"Jumamosi."

Jumamosi! Mayai yakiwa bado mezani.

"Na yeye alikujibu nini?"

Akaendelea kumenya karoti iliyokwisha kumenywa. Imebaki nyembamba kama penseli.

"Aliuliza najuaje."

Nilisimama pale. Nilimtazama mikono, ile mikono. Nikamuuliza, kwa sauti nisiyoijua kuwa ninayo: ukamwambiaje, Laurence, unajuaje?

Akafungua mdomo. Na simu yangu ikalia.

Ilikuwa Baba. Nimeingia nayo chumbani, nikafunga mlango, na sasa naandika nimeegemea mlango huo huo. Hakuuliza tena nani alijua. Alisema tu kwamba Jumapili haendi kanisani. Mchungaji Philippa ataazima ufunguo kwake. Amechemsha yai, akasema, la kwake peke yake, likapasuka. Kisha nikamsikia anapumua.

Nikamwambia nitakuja, Baba. Kabla mwezi haujaisha nitakuja nikae na wewe mchana kutwa.

Akasema karibuni. Kisha akauliza, kwa adabu, kama anayemuuliza mgeni: "Mtakuja wote?"

Laurence yuko upande wa pili wa mlango. Hagongi. Naona kivuli cha viatu vyake.

Nikasema nitakuja, Baba. Kabla mwezi haujaisha. Nikarudia hivyo hivyo, nitakuja.